Kabureta na Miti ya Papa

Watu wananiuliza mpaka leo kwa nini mwanamke mwenye akili timamu bado anaendesha lori la kabureta, wakati karibu Kisangani nzima imehamia kwenye motere, yaani injini, za injeksio. Wengine wananiuliza kwa huruma. Wengine wananicheka, hasa asubuhi, ninapovuta starter, ile waya ya kubana hewa, nakanyaga, naachia, nakanyaga tena, na lori linakohoa mpaka jirani anafungua dirisha. Siku nikiamka vizuri nacheka nao. Siku nikiamka vibaya nawaambia wakapige mswaki kwanza, ndipo waje kunifundisha magari.

Jibu langu ni refu kidogo, kwa sababu haliwezi kusemwa bila papa yangu, yaani baba.

Papa ni mvuvi wa maporomoko. Kwetu hatukai ndani ya mtumbwi kungoja samaki apende mwenyewe kuja. Tunasimika miti mikubwa katikati ya mawe, pale maji yanapopita kwa hasira, tunaifunga kwa kekele, zile kamba za msituni, halafu tunaning'iniza vikapu vipana, midomo ikiuelekea mkondo. Maji yenyewe ndiyo yanamsukuma samaki ndani. Mashimo ya kusimamishia miti yamo ndani ya mawe tangu zamani, na kila mahali pana mwenyewe. Papa alikuwa na mahali pake, aliachiwa na papa yake, na watu wakipita wanapaita bado kwa jina la babu.

Kisha mafuriko makubwa yakaja, yakang'oa miti yake yote. Msimu uliofuata mgongo ulimlaza, hakusimika. Msimu mwingine kaka zangu wawili walioko Kinshasa walisema kwenye simu kwamba wanakuja, na wakaendelea kusema hivyo hivyo. Sasa ulikuwa msimu wa tatu, na katika ukoo wetu mashimo yakikaa matupu namna hiyo, wakubwa wanakaa kikao na kuyapeleka kwa wengine. Si ubaya. Mawe ni machache na vinywa ni vingi.

Waliokuwa wakingoja tuliwajua. Ni watoto wa papa mdogo, yaani ndugu yake papa ambaye amekwisha kufa. Wanaume wenye nguvu, hawana mahali pa kwao, wanavua kwa kuomba nafasi kwa huyu na yule. Mkubwa wao alikuwa akipita nyumbani kwangu kusalimia, kwa maana papa anaishi kwangu, na salamu zake zilikuwa ndefu kupita kawaida. Anauliza habari ya chakula, ya usingizi, ya dawa, huku macho yako kwenye mgongo wa papa. Nilikuwa namchukia, niseme tu. Nilikuwa namwekea kiti huku namchukia.

Mahali pale pakienda, papa angebaki nani? Mzee wa kiti cha plastiki uani kwa binti yake, basi. Yeye alijua hivyo, na mimi nilijua hivyo, na hakuna aliyelisema kwa mdomo.

Na kusimika hakufanyiki siku yoyote tu. Panatakiwa maji yawe chini kabisa, mawe yaonekane, watu waweze kusimama. Hayo ni majuma machache. Baadaye mvua za huko juu zinaanza, mto unapanda, mnarudi nyumbani kungoja. Miti ilikuwa imekwisha kukatwa. Ilikuwa imelala msituni, mbali mbele ya uwanja wa ndege wa Bangboka, kandokando ya barabara, mirefu na mizito, kitu cha lori tu. Lori nilikuwa nalo mimi. Na lori langu lilikuwa limekufa.

Basi hapo ndipo habari ya kabureta inapoingia.

Lori lenyewe nililinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, likiwa tayari na umri mkubwa kuliko mtoto wangu wa kwanza. Nabeba mchanga, matofali, vitu vya watu wanaohama nyumba, na naliendesha mwenyewe. Motere yake inatumia esansi, ndiyo petroli kwetu, na motere yenyewe ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kabureta. Mhimili wake ulikuwa umelika mpaka unanyonya hewa pembeni, na mwili wake ulikuwa umepasuka, umegandishwa kwa gundi, umepasuka tena. Kabla ya kufa kabisa ilikuwa imenitesa vya kutosha. Kwenye kilima kikali esansi ilikuwa inahama ndani ya kile kisima chake kidogo, inafurika, motere inazama, inanyamaza, unabaki katikati ya mteremko na breki na maombi. Vijana wanakuja kukusukuma huku wanakuuliza kama mume wako anajua uko wapi. Nilikuwa nimechoka na kabureta. Nasema kweli, nilikuwa nimeichoka.

Kwa hiyo fundi wangu aliponiambia habari ya injeksio, alinikuta nimeshafungua mlango.

Huyu fundi ana gereji yake Makiso, nyuma ya maduka, si mbali na bandari. Ni mtu mzuri lakini ana maneno, mama yangu! Alisoma ufundi shuleni, halafu akaenda Bunia miezi kadhaa kujifunza injeksio, akarudi anaihubiri. Hata ukimletea pikipiki izibwe pancha, atakuambia kitu juu ya injeksio.

"Mama, écoute," aliniambia, "carburateur iko kitu ya wakati ya bibi. Injection, unageuza funguo, motere inawaka. Hapana starter, hapana kukanyaga-kanyaga. Kilima? Inapanda tu. Na esansi, utakunywa nusu."

"Nitakunywa mimi?"

"Motere ndiyo itakunywa, mama. Usinitafutie matata."

Akanieleza vizuri, na nikaelewa. Kabureta inafanya kazi kwa kunyonya: hewa inapita kwa kasi penye kijitundu, inabeba esansi, inaingia nayo kwenye motere, imekwisha. Haina umeme, haina akili. Injeksio ina pampu ya umeme ndani ya tanki, inasukuma esansi kwa nguvu mpaka kwenye sindano ndogo, na kompyuta inaamua zipulize kiasi gani, kufuatana na kilima, joto, na mguu wako. Na bahati yetu, alisema, pale pale Makiso palikuwa na motere ya namna ile ile ya kwangu, ila ya miaka ya karibuni, ya injeksio, iliyotolewa kwenye gari lililopinduka. Mwenyewe alikuwa tayari kuiachia. Ilikosa kompyuta tu, na kompyuta ingekuja kwa ndege.

Njia ya pili ilikuwa Lubunga, ng'ambo ya mto. Huko kulikuwa na gari bovu, la kufanana na langu, limekaa uani kwa mtu, kuku wanataga ndani, na kabureta yake ilikuwa bado nzima. Fundi aliitaja kwa kunipa haki yangu, lakini alikunja pua.

Nikafikiri. Nilifikiri nikiosha vyombo, nikikaanga samaki, nikiwa kanisani padri anahubiri. Injeksio ilikuwa na haki karibu kila upande. Mimi si kijana tena, mguu wangu wa kulia unauma kwa kukanyaga, na kila lita ya esansi inayopotea bure ni chakula cha mtu. Upande wa kabureta nilikuwa na neno moja tu, kwamba naijua. Ikiharibika njiani naifungua, natoa kile kipande chenye kijitundu, napuliza kwa mdomo, natema, narudisha. Pampu ikifa naweka bidon, dumu la plastiki, juu ya paa, nashusha mpira, esansi inateremka yenyewe, nafika nyumbani. Lakini mtu hawezi kukaa na taabu kwa sababu tu ameizoea, nilijiambia. Hata mume mbaya unaweza kumzoea.

Papa hakusema chochote juu ya motere. Kila asubuhi alikuwa anatoka na fimbo yake, anakwenda mpaka maporomoko kuangalia maji, anarudi, anakaa, ananiambia neno moja.

"Maji iko chini bado."

Hakuuliza lori. Hakuuliza siku. Angeuliza ningeweza kumfokea na roho yangu ingetulia. Alikuwa ananiambia tu habari ya maji kama mtu anayekuambia kumekucha, na mimi nilikuwa naingia jikoni kugongagonga sufuria.

Nikamwambia fundi sawa, tuweke injeksio. Ila nilimkataza kugusa motere yangu ya zamani mpaka kompyuta ifike mkononi mwake. Alinuna. Alisema simwamini. Nikamwambia namwamini yeye, ndege ndiyo siiamini.

Na kweli, ndege ilikuja bila kompyuta. Nyingine ikaja na kompyuta ambayo plagi zake hazikuingiliana na nyaya zetu. Nilikwenda Bangboka mwenyewe kuchukua na kurudisha, juu ya pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno. Papa aliendelea kuniambia maji iko chini bado, lakini sasa alikuwa anaanza na "leo": leo maji iko chini bado. Mtoto wa papa mdogo akaja tena kusalimia. Akamuuliza papa kama kikao cha wakubwa kimekwisha kupangwa. Papa akasema hajui. Mimi nilitia chumvi kwenye chai ya mgeni. Si kwa bahati mbaya.

Hatimaye kompyuta ya kweli ikafika. Fundi alinipigia simu anapiga kelele kwa furaha. Alikuwa ameilaza ile motere chini gerejini, juu ya matairi, amefunga nyaya zote, betri pembeni, pampu ndani ya bidon badala ya tanki, ili tuione ikiwaka kabla hajaipandisha kwenye lori. Niende kuona kwa macho yangu, alisema.

Nilimkuta papa kule. Sikumtegemea kabisa. Alikuwa amekuja kwa toleka, amekaa nyuma ya baiskeli ya watu na mgongo wake ule, na miguuni alikuwa na bidon ya njano imejaa esansi. Alikuwa ameuza wavu wake mmoja. Alinunua esansi kwa wale wa barabarani wenye chupa na funeli, akaleta kama mchango wake.

"Miti ni ya kwangu," aliniambia. "Motere isikunywe ya kwako tu."

Nilitaka kulia. Badala yake nikamwambia amepoteza wavu mzuri kwa upuuzi. Ndivyo nilivyo.

Fundi siku zote anachuja esansi kwa kitambaa, mara mbili, kwa kuwa anajua mji huu. Lakini siku hiyo gereji ilijaa watu, wenzake wa jirani wote wamekuja kuona, na yeye alikuwa anatembea katikati yao kama bwana arusi. Akamimina esansi ya papa moja kwa moja. Akageuza funguo.

Ee, niwaambie ukweli! Iliwaka. Iliwaka mara moja, laini, bila kikohozi. Watu wakapiga makofi. Fundi akanitazama, kidevu juu. Papa akaweka kiganja juu ya motere akatabasamu. Nami nikaona ile barabara ya Bangboka mbele yangu, na kilima, na lori linapanda tu, miti nyuma.

Kisha ikakohoa. Mara moja, halafu tena. Ikatetemeka, ikashuka sauti, ikafa.

Fundi akageuza funguo, hakuna. Akageuza tena, pampu ikalia kwa sauti nyembamba, ikanyamaza. Akaitoa kutoka kwenye bidon. Chujio lake lilikuwa limefunikwa na utelezi wa rangi ya chungwa. Akaweka kidole, akanusa. Akamtazama papa.

"Papa, hii bidon ilikuwa na nini mbele?"

"Mawese," papa akasema. "Ya mama yake huyu. Lakini niliosha. Niliosha na mchanga na maji ya moto na sabuni. Nilisuuza mutoni."

Mawese ndiyo yale mafuta mekundu ya chikichi tunayopikia, na kila nyumba ya Kisangani ina bidon yake ya njano, na kila bidon ya njano imekwisha kuishi maisha mengine. Leo mawese, kesho maji, kesho kutwa esansi, halafu inarudi mawese. Hakuna anayeona ajabu. Yale mafuta yanaganda pembeni ya plastiki, huyaoni, sabuni haiyatoi. Esansi ikiingia, inayayeyusha na kuyabeba. Na papa kwa usafi wake alikuwa ameongeza maji ya mto chini yake.

Nilimfokea. Mbele ya watu wote. Nilisema maneno ambayo binti hamwambii papa yake, kwamba bora angebaki kwenye kiti chake. Papa alishika ile bidon kwa mikono miwili akaangalia ndani kupitia mdomo wake mdogo, kama vile angeweza kuona. Hakuna aliyecheka.

Fundi alikuwa karibu na machozi. Sindano zilikuwa zimeziba, alisema, na hizo hazipulizwi kwa mdomo. Zinataka mashine ya kuoshea, na mashine aliyoiamini iko Bunia. Angezituma kwa gari, zingerudi, juma moja, labda zaidi kidogo. Pampu pia mpya. Baada ya hapo, mama, itawaka vile vile, umeona mwenyewe.

"Na maji?" nikamuuliza papa, kwa sauti ya chini sasa.

"Tangu jana inapanda," akasema. "Kidogo."

Alikuwa hajaniambia asubuhi ile. Alibeba esansi badala yake.

Nilikaa juu ya tairi nikafikiri, na safari hii halikuwa jambo la mguu wangu wala la kilima. Nilijiuliza nitapata wapi esansi ambayo haijapita kwenye bidon ya mtu. Hapa inakuja na mapipa kwa mashua, inapita mikono mingi, inauzwa kwa chupa. Ningeweza kuchuja leo na kesho. Lakini siku moja njiani, mbali na mji, ningejaza nilichokipata, kama kila mtu, na ile motere nzuri ingenyamaza, na kompyuta yake yote isingeweza kunieleza kitu. Kabureta nayo ingeziba, naam. Ingeziba, ningeifungua, ningepuliza, ningetema mawese, ningeondoka. Nilikuwa napima motere mbili siku zote hizo bila kupima bidon.

"Bon," nikamwambia fundi. "Vaa viatu. Tunavuka Lubunga."

Kumbe mwanamume anaogopa mto! Mzaliwa wa Kisangani, hajui kuogelea, hapandi mtumbwi. Alitafuta sababu kumi, mwisho akaniambia ukweli, na mimi nikavuka peke yangu na spana zake kwenye kikapu cha mboga. Mwenye gari lile la Lubunga alinifukuzia kuku, nikaifungua kabureta mwenyewe, nikaitikisa sikioni nikasikia kiboya chake kinacheza vizuri ndani. Nikaifunga kwa kitenge, nikarudi nayo mapajani.

Fundi aliipachika akiwa amenuna, lakini aliipachika vizuri. Alisafisha kila kijitundu. Akachuja esansi mara tatu, bila kuambiwa. Nilipovuta starter na lori likakohoa likaamka, alisema tu, "Inanuka." Kweli ilikuwa inanuka.

Kesho yake tulikwenda, mimi na papa mbele, vijana wa mtaa nyuma kwa ajili ya kupakia. Sikuwa nimemwomba radhi. Nilimnunulia chikwangue, ule mkate wa muhogo, na samaki wa kukaushwa kwa moshi, nikamwekea mto wa kiti mgongoni, akaelewa anavyotaka. Tulipita Bangboka, tukaingia msituni, tukapakia miti mpaka chasi ikalia.

Kwenye kilima, baada ya daraja la mbao, motere ilizama. Nilijua itazama. Nilisikia ile sauti nzito, kisha kimya. Vijana wakaruka wakaweka magogo nyuma ya magurudumu. Mimi nilikuwa nimeshika usukani kwa nguvu, natukana kabureta, natukana fundi, natukana kaka zangu wa Kinshasa. Papa akafungua chikwangue.

"Acha inywe pumzi," akasema. "Na weye kula."

Tukala. Esansi iliyofurika ikakauka taratibu. Nikakanyaga mpaka chini bila starter, nikageuza funguo, ikakataa, ikakataa, ikashika. Moshi mweusi ukajaa barabara. Tukapanda polepole kiasi kwamba mwanamke mwenye mzigo wa kuni alitupita, akatupungia mkono.

Maporomoko tuliyakuta yamebadilika. Mawe niliyoyaona makavu juma lililopita yalikuwa yanalambwa na maji. Papa alishuka, akaangalia, akasema, "Leo. Kesho hapana."

Kusimika mti mmoja kunataka mikono mingi, na kwa ukoo wetu mtu akileta miti, kila mwanamume aliyeko karibu anaacha kazi yake, awe rafiki, awe adui. Wakaja. Wakaja pia watoto wa papa mdogo wote, na mkubwa wao ndiye aliyeingia majini wa kwanza, kifua kinapigwa na mkondo, akakumbatia mguu wa mti na kuutafutia shimo lake kwa nyayo. Niliangalia nikasema moyoni, sukuma baba, sukuma vizuri, unasukuma mahali pasipokuwa pako. Nilikuwa na furaha mbaya, nzuri sana.

Papa alisimama ukingoni, anaelekeza kwa fimbo. Kushoto. Inamisha. Ngoja maji. Sasa! Walipanda juu ya miti kufunga kekele, wanaitana kwa sauti ya kushinda maporomoko. Mara moja papa mwenyewe aliweka mguu kwenye mti wa kwanza, akashika wa kando, akajivuta. Alipanda kiasi cha goti. Akabaki hapo kidogo, akashuka. Nilidhani ni mimi tu niliyeona.

Kazi ilipokwisha, miti ilikuwa imesimama yote, vikapu viwili vimening'inizwa, na maji yalikuwa yameshafunika mawe ya chini. Wakubwa watatu wa ukoo walikuwa wamekuja kuangalia. Papa akawaita karibu. Akamwita na mkubwa wa wale watoto wa papa mdogo, aliyekuwa amelowa, anatetemeka kwa baridi. Nikasogea, nimevaa uso wangu wa sikukuu. Nilitaka kusikia akiwaambia wote kwamba mahali ni pake bado.

"Mashimo yangu iko na miti," papa akasema. "Mumeona?"

Wakasema wameona.

"Basi hii mahali napana. Namupa huyu mutoto ya ndugu yangu. Miti yote, na kekele, na vikapu."

Sikuelewa kwanza. Halafu nikaelewa, nikalipuka. Nilisema papa, miti nimeileta mimi! Lori ni langu! Nimevuka mto, nimekula vumbi la Bangboka, nimeacha motere ambayo sitaipata tena, kwa ajili ya mahali pako, na sasa unampa huyu? Huyu aliyekuwa anakuja kukupima? Yule mtoto wa papa mdogo aliinamisha uso. Wakubwa wakaangalia pembeni.

Papa hakukasirika. Alinishika kiwiko akanivuta hatua chache, kwenye kelele za maji, ili wasitusikie.

"Siwezi kupanda tena," akasema. "Umeona pale. Kaka zako hawarudi. Nimejua tangu mafuriko."

"Basi ungewaachia tu! Wakubwa wangekaa, wangechukua mashimo, wangempa huyo huyo. Mimi ningelala usingizi!"

"Voilà. Wangechukua." Alitikisa kichwa. "Papa yangu hakuniachia mashimo, mwanangu. Aliniachia miti imesimama. Alinipa na mukono yake."

Nilikuwa na maneno mengi bado, mimi sikosi maneno. Lakini nilimwona, mzee amelowa mpaka magotini, na nikaona kwamba hakuwa anaomba kubaki na kitu. Alikuwa ameomba, bila kuniomba, apate kitu cha kutoa, kabla maji hayajapanda. Nikalia pale pale, kwa sauti, hakuna aliyenisikia isipokuwa yeye. Nilimwomba radhi ya gerejini. Akasema esansi ilikuwa chafu kweli.

Tulikuwa tumesimama penye mti wa kwanza, pale wanapoanzia kupanda. Mtoto wa papa mdogo akaja nyuma yetu, anasitasita, na kamba begani. Mkondo ulikuwa umevuta kikapu kimoja upande, kilitaka kufungwa upya kabla ya giza.

"Papa, pardon," akasema. "Nipite."

Papa akampisha.